Picha Niliyoikata Mguu

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa mbwa wa jirani, naogopa radi, naogopa barua yoyote yenye muhuri, na nikipanda pikipiki kuvuka daraja la Tshopo nafumba macho mpaka dereva aniambie tumefika ng'ambo. Wenzangu hunicheka, nami hucheka nao, kwa sababu woga wa namna hiyo haujawahi kumdhuru mtu. Kitu ambacho sikukiogopa hata siku moja ni kazi yangu. Natengeneza kurasa za mtandao. Niliiona kuwa kazi salama kuliko zote: unakaa kwenye kiti, unasogeza picha, na ukikosea unafuta.

Miaka michache iliyopita nilipata kazi katika mradi mdogo wa misitu hapa Kisangani. Mradi ulitaka tovuti kuhusu uyoga wa Masako, msitu ulio nje kidogo ya mji, ambako wanafunzi huenda na madaftari na wakulima huenda na mapanga. Kwetu uyoga ni chakula cha heshima. Tunauita mayebo, na mvua zikianza utaona mafungu yake sokoni juu ya majani, wanawake wameinama wanachagua, kila mmoja akidai mwenzake amechukua yaliyo bora. Mradi ulitaka mtu aweze kufungua simu na kujua uyoga upi unaliwa.

Mkuu wa mradi alikuwa amerudi kutoka semina huko Ulaya, kichwa kimejaa mambo ya kesho. Alituketisha ofisini akatueleza kwamba kurasa za mtandao zimeishi muda mrefu mno kwa kutegemea jicho, na jicho limechoka. Kesho, alisema, ukurasa utasikika, utaguswa, utanuswa. Kutakuwa na kijisanduku kando ya simu kitakachotoa harufu. Kutakuwa na miwani itakayokuweka katikati ya msitu huku umekaa sebuleni kwako.

“Donc,” aliniambia mimi, “mutu akifungua ile page yetu, inafaa ajisikie ni kama iko Masako kabisa.”

Nilimwamini, tena zaidi ya kumwamini, nililewa. Nilikwenda Masako na kinasa sauti nikarekodi mvua ikipiga majani, nikaiweka ianze kusikika pale tu ukurasa unapofunguka. Niliweka ndege. Nilifanya simu itetemeke kidogo chini ya kidole kila ukigusa picha ya uyoga, ili mkono nao upate chake. Rangi nilizing'arisha mpaka kofia za uyoga zikawa zinatamanisha. Harufu sikuweza kuitia, basi nikaiandika kwa maneno, harufu ya udongo uliolowa, harufu ya unga mbichi, na nikisoma maneno yangu mwenyewe nilihisi njaa.

Uyoga wenyewe tulioneshwa na mama mmoja mkulima wa kule kule Masako. Hakuwa mzee sana, ila alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo hakuibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote, hata kwa ajili ya kamera. Hakuukata uyoga hata mara moja. Aliinama, akachimba pembeni kwa ncha ya panga, taratibu, mpaka uyoga ukatoka mzima na mguu wake wote na udongo wake. Kisha aliugeuza kichwa chini. Alitazama mguu kwanza, akaunusa, akaupitishia kidole, na kofia aliitazama mwishoni kabisa, kama mtu anayetazama viatu vya mgeni kabla ya uso. Sokoni aliuuza hivyo hivyo na udongo wake, na wateja wa mjini walinung'unika kwamba anawauzia matope. Akioneshwa uyoga ulioota mahali asipopajua alisema “sijue” na kuendelea na mambo yake. Sijawahi kukutana na mtaalamu aliyesema hivyo mara nyingi kama yeye.

Nilipiga picha nyingi. Uyoga wa kichuguu, ule unaopendwa kuliko wote, una mguu mrefu wa ajabu, unashuka ardhini kama mzizi mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Picha yake ni ndefu. Ukurasa wangu ulikuwa wa miraba, miraba iliyopangwa vizuri kama marumaru za sakafuni, na kila picha ilipaswa kuenea kwenye mraba wake. Nikiuacha mguu, kofia ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati. Tena miguu ilikuwa na matope, ilichafua rangi zangu. Nikaikata. Nilikata picha moja, nikaona inapendeza, nikakata zote. Kazi hiyo haikunichukua hata muda wa kunywa chai.

Ukurasa ulipokamilika nilirudi kwa yule mama kumwonesha. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akasikiliza mvua, akatabasamu, akautazama uyoga wake. Kisha akaigeuza simu, akatazama mgongoni mwake. Nilicheka hadi machozi. Yeye alicheka pia, lakini kidogo.

“Muguu yake iko wapi?” aliniuliza.

“Haiko, mama. Picha ni carré, haienee.”

“Alors, mutu wa mbali atajua namna gani?”

“Kuko maandishi chini. Atasoma.”

“Mm,” alisema, akanirudishia simu, akaendelea kumenya mihogo yake.

Sikumdanganya. Maandishi yalikuwepo, niliyaandika mwenyewe: chimba, usikate, tazama mguu. Yalikuwa chini ya picha, chini ya vifungo, chini ya mstari wa wafadhili. Nilirudi mjini nikasimulia ofisini jinsi yule mama alivyotafuta mguu wa uyoga mgongoni mwa simu, na ofisi nzima ikacheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Sasa nimtaje Papa. Tangu Mama afariki naishi naye wawili tu, si mbali na Simi-Simi, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani. Papa ni mtu wa Isangi, na karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa mpishi kwenye mashua kubwa zinazoteremka mto mpaka Kinshasa. Pua yake ilijulikana. Alifunua kifuniko akakwambia samaki amevuliwa lini, mafuta yamekaa jikoni siku ngapi, na nani kati yetu ameonja bila ruhusa. Tulipokuwa wadogo hatukuthubutu kumdanganya mtu mwenye pua ile.

Kisha ikaja ile homa iliyozunguka dunia nzima, ikamlaza, ikamwacha, lakini ilimchukulia pua na haikuirudisha. Tulingoja miezi, tukangoja miaka. Alinusa kitunguu, alinusa mafuta ya taa, hakuna. Nilimwona akisimama juu ya chungu kinachochemka, uso umeingia kabisa kwenye mvuke, akingoja. Hakulalamika, ila alipunguza kusimulia habari za mashua.

Basi nikawa pua yake. “Mama, kuya unuse,” aliniita. Huku kwetu baba humwita binti yake mama, kwa mapenzi. Mama, kuya unuse samaki. Mama, kuya unuse maziwa. Mama, ile moshi inatoka kwetu ao kwa jirani? Mwanzoni nilikwenda mbio, nikiwa na huruma. Baadaye nilikwenda nikiburuta miguu. Na siku moja, nilipokuwa nimezama kazini kwenye meza ya sebuleni, aliniita kwa mara ya tatu, safari hii kwa ajili ya uyoga alioununua sokoni. Sikugeuza hata kichwa.

“Papa, niko na kazi,” nilimjibu. “Uangalie kwa page.”

Nilitamka maneno hayo mimi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Siwezi kumsingizia mtu mwingine.

Papa alitii, na zaidi ya kutii, aliupenda ukurasa. Asubuhi aliufungua kusikiliza mvua hata wakati wa kiangazi. Aliweka kidole juu ya picha, simu ikatetemeka, naye akacheka peke yake. Aliwaonesha majirani kupitia juu ya ua.

“Mutoto wangu njo alifanya,” aliwaambia. “Hii njo pua yangu sasa.”

Nilisikia nikiwa ndani, na kichwa kilinivimba kwa fahari.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mvua ya siku mbili mfululizo. Nilitoka ofisini saa sita nikarudi nyumbani kula. Papa alikuwa amekaa barazani amevaa shati safi, anangoja, na nilijua amepika kitu cha kujivunia. Mezani palikuwa na lituma, ndizi zetu zilizopondwa, na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

“Miye nilikula zamani, saa ine,” alisema. “Yako nilikuachiya. Kula, mama, ingali na moto.”

Nilinawa, nikafunua. Mayebo, kwa mafuta ya mawese na pilipili kidogo, kama alivyopika enzi za mashua. Nilichota. Kwa ajili ya kumfurahisha tu nilimuuliza ameyapata soko gani, kwa maana yalionekana mazuri.

“Soko ya nini?” alisema, na uso wake wote ulicheka. “Nilienda kule kwa majani, karibu na terrain ya ndege. Nilichukua kisu na telephone. Kila moja niliiweka karibu na picha yako. Kofia na kofia. Yenye haifanane, niliacha.”

Kijiko kilikuwa kimefika mdomoni. Nilikirudisha sahanini, na sauti ya chuma kwenye bati niliisikia kubwa mno.

“Papa. Ulichimba?”

“Kuchimba nini? Nilikata kama kwa picha.”

Nimesema mimi ni mwoga, lakini siku hiyo nilitambua kwamba nilikuwa sijawahi kuogopa. Hofu niliyoizoea hupiga moyo na kupita. Hii ilikaa, ikanifanya niuone uso wa Papa kwa mbali. Nilimuuliza kama yale mayebo yalikuwa na harufu yoyote. Nilimuuliza hivyo mtu asiyenusa. Alinitazama kwa mshangao, bado anatabasamu kidogo.

“Mama, uko unalia nini? Miye niko muzima.”

Nilimpandisha pikipiki nyuma ya dereva, nikakaa nyuma yake nimemshika kiunoni kama mtoto, tukaenda hospitali. Safari ile sikufumba macho. Daktari aliuliza uyoga huo ulikuwa wa namna gani. Nikafungua ukurasa wangu nikamwonesha. Mvua ilianza kunyesha pale pale mezani kwake, ndege wakalia, nami nikahangaika kuzima sauti. Daktari alitazama picha kwa makini.

“Hii inaonekana muzuri,” alisema. “Lakini ile mbaya yenye inafanana nayo, iko wapi?”

Haikuwepo. Hatukuiweka kwa sababu mkuu wa mradi alitaka ukurasa wa furaha, na mimi sikupinga. Daktari alisema atambakiza Papa na kuanza kumsaidia, lakini akanisihi nilete chochote kilichobaki cha uyoga wenyewe, chochote kisichopikwa.

Nikampigia yule mama wa Masako. Kwa bahati ilikuwa siku yake ya kuja sokoni mjini. Aliniacha nimalize kilio, kisha akauliza swali lile lile la mara ya kwanza.

“Miguu iko wapi?”

“Ilibakia ndani ya udongo, mama.”

“Bon. Basi iko. Kuya unichukue.”

Tulifika Simi-Simi jua likiwa kali na majani yakitoa mvuke. Alama za makobazi ya Papa zilionekana wazi kwenye udongo laini, zikienda huku na huku, mahali pengine zikiwa zimesimama muda mrefu. Niliweza kuona pale alipochuchumaa, na pale alipoweka simu chini ili alinganishe. Kila aliposimama palikuwa na kisiki cheupe, kimekatwa vizuri, safi, kwa mkono wa mpishi. Amekata mahali pale pale nilipokata mimi.

Yule mama alipiga magoti akachimba cha kwanza. Panga liliingia, akasukuma udongo kwa vidole, mguu ukashuka, ukazidi kushuka, mwembamba, mpaka ukafika kwenye udongo mgumu wa mchwa. “Hii iko muzuri,” alisema. Cha pili kikawa hivyo hivyo. Cha tatu pia. Nilianza kupumua. Nilianza hata kumkasirikia Papa kwa kunitisha, na kujikasirikia mwenyewe kwa kumtia daktari wasiwasi. Tulichimba vyote vilivyokuwa pamoja karibu na kichuguu cha zamani, na vyote vilikuwa na ule mguu mrefu.

Nyayo za Papa zilikwenda kando kidogo, hatua chache tu, chini ya mti. Palikuwa na kisiki kimoja. Kwa juu sikuona tofauti yoyote, na hata leo naamini nisingeiona. Yule mama alichimba. Panga halikushuka mbali. Mguu ulitoka mara moja, mfupi, mnene, umekaa ndani ya kimfuko cheupe kilichopasuka kama ganda la yai. Aliukunja ndani ya jani bila kuugusa kwa mkono, akanipa.

“Mama?” nilimwita.

“Kimbia,” alisema.

Nilikimbia. Nilipofika hospitali Papa alikuwa amekaa kitandani akimsimulia mgonjwa wa jirani habari za mashua, mzima kabisa, na nikaona aibu na tumaini kwa pamoja. Daktari alifungua jani, akatazama, akalifunga tena. Jua lilipokuwa linashuka Papa alianza kutapika.

Sitaandika yote. Nitaandika tu siku niliyoogopa kuliko nyingine, nayo haikuwa siku ya kutapika. Ilikuwa siku Papa alipopata nafuu. Aliamka, akaomba chai, akaomba shati lake, akasema nyumba imeachwa bila mtu na yeye si mgonjwa tena. Alinitania kwamba nimelia mpaka nimefanana na shangazi yake. Nilitaka sana kumchukua twende. Daktari akaniita mezani kwake, ambako ule mguu kwenye jani ulikuwa umeanza kusinyaa.

“Kama usingenileteya hii, leo ningemuacha aende nyumbani,” aliniambia. “Ile sumu inafanya hivyo. Inaachilia mutu, kisha inarudia.”

Nilirudi kitandani nikakaa. Papa alikunywa chai, akacheka, akaniuliza kwa nini namtazama hivyo. Nilimtazama hivyo kwa sababu kila dalili ya uzima niliyoiona ilikuwa inaniogopesha. Rangi yake nzuri iliniogopesha. Hamu yake ya mkate iliniogopesha. Maisha yangu yote nimeyaamini macho yangu, na kazi yangu ni kuyapendezesha macho ya watu, na siku ile yaliniambia Papa amepona, nami nilijua yanasema uongo. Siku iliyofuata macho ya Papa yaligeuka njano.

Hakufa. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kusoma habari hii bila kujua. Alilala hospitali muda mrefu, akatoka amekonda, mshipi wake umeongezwa tundu kwa msumari. Siku ya kutoka, tukiwa tumekaa tunangoja pikipiki, aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelitunza kwa siku nyingi.

“Page ilikosea, ao ni miye?”

“Ni miye, Papa.”

Nilidhani atanifariji, kwa maana ndiyo desturi yake, lakini hakunifariji.

“Bon,” alisema. “Utengeneze.”

Nikatengeneza. Nilitoa mvua, nikatoa ndege, nikatoa mtetemo. Nilirudi Masako na yule mama akanichimbia upya, na safari hii nilimpiga picha akiwa ameugeuza uyoga kichwa chini, udongo ukidondoka. Mguu niliuweka juu kabisa ya ukurasa, mrefu, na matope yake, ili mtu asifikie kofia kabla ya kuupitia. Kando yake niliweka ule mwingine, mfupi, wenye mfuko. Ukurasa si mzuri tena. Watu wanaufungua na kuondoka.

Mkuu wa mradi hakunigombeza. Alikuja hospitali akaketi na Papa, na nilimwona amefadhaika kweli. Lakini baadaye, ofisini, alianza tena kuzungumza juu ya kesho. Alisema kosa letu ni kwamba hatukufika mbali vya kutosha. Ukurasa unaofuata utakuwa na jicho lake: mtu ataelekeza kamera na utamjibu mwenyewe, huu kula, huu acha. Na siku kile kijisanduku cha harufu kitakapofika kwetu, hata mtu kama Papa atapata msaada, labda hata pua mpya.

Nilimwambia naogopa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Siogopi kwamba havitawezekana. Naamini vitawezekana. Naogopa kwa sababu nilimpa Papa picha, sauti ya mvua na mtetemo mdogo wa kidole, na hivyo vitatu tu vilitosha kumfanya aamini amefika msituni. Ningempa na harufu, ningempa na ubaridi wa udongo mkononi, asingekumbuka hata kuniachia sahani akingoja nionje. Yule mama wa Masako aliigeuza simu kwa sababu alijua kuna kitu kimefichwa. Kesho simu ikinuka udongo, nani atakumbuka kuigeuza?

Nilifikiri habari imeishia hapo, na kwamba nimetengeneza kama Papa alivyoniagiza. Kisha mvua za mwaka huu zikaanza.

Asubuhi moja Papa alikuwa barazani na simu yake. Aliniita, na kwa kuwa siku hizi nakwenda anapoita mara ya kwanza, nilitoka mara moja. Dada yake mdogo, tantine yetu wa Isangi, alikuwa ametuma ujumbe kwenye kundi la ukoo. Aliandika kwamba mvua imewabariki, watoto wameokota mayebo mengi, sasa wanayaosha. Chini yake aliweka picha ili kuonesha ni ya namna gani. Ilikuwa ni mraba. Kofia iling'ara, rangi ilikuwa ya kutamanisha, na mguu ulikuwa umekatwa mahali pale ninapopajua.

“Hii si picha yako?” Papa aliuliza.

Nilimpigia tantine, simu haikuingia. Nikapiga tena, na tena. Mtandao wa Isangi huja na kwenda utakavyo. Papa hakupiga. Alikuwa ameinama juu ya simu yake akiandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, na nilipochungulia niliona maneno aliyoyaandika: Musikule. Miye nilikula hii. Akatuma. Alama ya kwamba ujumbe umetoka ilionekana, ile ya pili ya kwamba umefika haikuonekana. Tulikaa bega kwa bega tukiitazama. Chai ilipoa. Nilimsikia Papa akipumua kwa shida, na nilijua anaona kile ninachokiona, sufuria juu ya mafiga huko Isangi, na mtoto anayechochea kuni.

Tantine alipiga mwenyewe, jua likiwa limeshapanda. Ujumbe wa Papa ulikuwa umemfika, hawakuwa wamekula. Alikuwa ameyamwaga mtoni pamoja na maji ya kuoshea, na alikuwa amekasirika kwa sababu yalikuwa mengi. Papa alishika simu kwa mikono miwili kisha akanipa mimi.

“Tantine, ile picha nani alikutumia?”

“Sijue, mama. Ilikuyaka tu. Kila mutu iko nayo.”

Tangu siku hiyo ukurasa wangu una sauti tena. Ukigusa picha, husikii mvua, unamsikia Papa. Tulirekodi jikoni, na kwa nyuma unasikia chungu kinachemka. Anauliza neno moja tu, polepole, kwa sauti iliyokonda kama mwili wake: “Ulichimba?” Wanaofika kwenye ukurasa watamsikia. Lakini ile picha niliyoikata haiko kwenye ukurasa tena. Inatembea yenyewe, simu kwa simu, haina mguu na haina sauti, na kila mvua ikinyesha Papa huinua kichwa kutoka kwenye chungu chake na kuniuliza ni nani anayepika leo.